Kanisa Lililoelekea Kibla

Tangu vita viishe chokaa imekuwa adimu, basi juma lililopita tuliposikia imeingia tulijazana kwenye duka la Mhindi mmoja pale Kibokoni. Mbele yangu alisimama mzee wa lile kanisa dogo la ufukweni, mtu wa Rabai.

“Twalipaka upya,” akamwambia mwenye duka, kifua mbele. “Na Jumapili nitasoma historia yake. Ila sijui nani alilijenga.”

“Babangu,” akajibu bibi mmoja wa buibui nyuma yetu. “Hebu niambie, mwanangu. Mkisimama kusali, bahari iko mkono upi?”

Mzee akafumba macho, akajiona kanisani, akainua mkono wa kulia.

“Basi mwaelekea kaskazini, kibla, Makka!” Bibi akacheka hata bangili zikalia. “Padri wa zamani alimwachia babangu kazi, akaenda zake bara. Babangu alikuwa fundi wa misikiti. Hakujua kuchimba msingi wa nyumba ya Mungu ila hivyo.”

Mwenye duka akaangusha chokaa, akawa mweupe hadi ndevuni. Mzee akashika kichwa. “Bi mkubwa, nitamwambia nini padri?”

“Usimwambie kitu. Sisi majirani twajua siku zote, na tumenyamaza.”

Mzee akajizuia, akajizuia, kisha kicheko kikamshinda, akaangukia magunia.

Jumapili nilipita karibu na dirisha la kanisa makusudi. Mzee alipofika kwenye maneno “fundi hodari wa Kibokoni”, mabega yalimtikisika, machozi yakamtoka. Padri akadhani ni imani.

Padri hasomi gazeti hili. Nyinyi mnaolisoma, nyamazeni kama majirani.