Mwenye Gunia Hutazama Mlima

Siku ya kwanza kuripoti ghalani nilirudishwa nyumbani kabla sijagusa hata gunia moja. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya karafuu, na kanga yangu imefukizwa udi. Meneja wa ghala alininusa kutoka mlangoni.

"Binti, nimeomba mkaguzi, wewe umeniletea harusi. Nenda kaoge kwa maji matupu."

Niliondoka nimenuna. Sikujua bado kwamba kazi niliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kazi ya pua.

Mji wetu ni mdogo, uko chini ya milima upande wa Mpwapwa, na wakulima wake walileta giligilani, manjano na pilipili kwenye ghala la chama cha ushirika. Mimi nilikagua giligilani. Siku hizi mnapima kwa mashine, kwa hiyo niwaeleze. Bambo ni chuma chembamba chenye mfereji. Unalichoma gunia tumboni, si mdomoni, maana mdomoni kila mtu huweka mbegu zake nzuri. Zikimwagika kiganjani unazisugua, unanusa. Zilizokauka vizuri hunukia ganda la chungwa. Zilizofungwa na unyevu hutoa uvundo. Kiasi kidogo huhifadhiwa kwenye kopo lenye namba ya gunia.

Tulikuwa na desturi moja. Wakati wa kunusa, mwenye gunia husimama akitazama mlima, na mkaguzi hutazama kiganja chake tu. "Ukimtazama mtu," meneja aliniambia, "utanusa jina lake."

Kwa miaka mingi niliishika desturi hiyo, na pua yangu ilisifiwa mpaka Dodoma mjini. Nilijivuna, sitaficha.

Miaka mitatu kabla ya kustaafu niliugua mafua makali. Homa ilipoondoka, iliondoka na harufu zote. Nilikaanga vitunguu, nikainamia sufuria, nisisikie kitu. Nilipaswa kusema siku ile ile. Niliogopa kuwekwa pembeni kama jembe lililovunjika mpini, basi nikanyamaza, nikaendelea kusugua na kunusa hewa. Na kwa kuwa pua haikuniambia kitu, nikaanza kuinua macho.

Mgongo wa mkulima mmoja, Ndahani, niliujua, bega lake la kushoto limeshuka. Msimu uliotangulia mvua ilimkuta ameanika, akaleta mbegu mbichi, nami nilimkataa kwa haki. Safari hii niliona lile bega nikasema, "Zimevunda. Rudisha." Msimu uliofuata nikasema vile vile. Kwa kanuni ya chama, aliyekataliwa misimu mitatu mfululizo hufutwa kwenye orodha ya wakulima. Akafutwa, akang'oa giligilani, akapanda mtama. Mjini mtu akiletewa mboga iliyochacha akawa anasema, "Hii ya Ndahani." Watu walicheka. Nami nilicheka nao.

Wiki yangu ya mwisho kazini, meneja mpya, mama mmoja mpole, alileta kipima unyevu akataka kukijaribu kwa makopo ya zamani. Kopo la kwanza lilikuwa la mkulima niliyemwamini siku zote. Alipolifungua alirudisha kichwa nyuma.

"Bi Tatu, uvundo wote huu hukuusikia?"

Akafungua ya Ndahani, yale mawili ya mwisho. Mashine ilisema zimekauka barabara. Akanisogezea moja puani, akaningoja niseme. Machozi yalinitoka, nikamweleza yote. Aliahidi kumrudisha Ndahani kwenye orodha. Lakini barua ya chama isingemwambia kilichotokea, na hilo lilikuwa langu.

Nilipanda kwake kesho yake. Nilimkuta akipepeta mtama.

"Karibu, Mama Mkaguzi," alisema, akanipa kigoda.

Nilijaribu kuanza mara tatu. Kila nikiuona uso wake niliishia kusifia mtama wake. Nadhani alielewa. Aliweka ungo chini, akasimama, akanipa mgongo, akatazama mlima.

"Haya. Sema."

"Giligilani yako ilikuwa safi, misimu yote miwili. Pua yangu ilikufa, nami nikaficha."



"Kama pua ilikufa, ulinikataa kwa nini?"

"Nilikutazama, Mzee Ndahani."

Nimestaafu sasa, na watu bado wananisifia pua ile. Mimi nakumbuka bega moja lililoshuka, na mtu ambaye siku ile hakugeuka mpaka nilipoondoka.