Nani Kasema Mwanakombo ni Jina la Kizee?

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kama niliyoiamkia leo. Ni siku ya saba ya mtoto wa dadangu Mishi, pale nyumbani kwetu Kuze. Wanaume walikuwa wamejaa barazani pamoja na mwalimu, wangoja watolewe jina kutoka ndani. Sisi wanawake ndani tulikuwa kimya. Nyumba ya mzazi, imejaa wanawake, na kimya! Hilo peke yake lingekushtua.

Nimeikumbuka kwa sababu jana ulinijia, mkono tumboni, ukaniuliza, "Nyanya, ati Mwanakombo si jina lililopitwa na wakati? Nikimpa mtoto hatachekwa?" Nikakuuliza nani kakwambia, ukasema, "Watu tu." Mimi hao watu tu siwaamini. Nawajua tangu sijaolewa.

Zama hizo reli ndiyo kwanza yapeleka watu bara, na mabwana wakubwa walisukumwa mjini kwa vigari juu ya vyuma. Kilindini, kwenye meli na makarani leo, sisi tulikwenda kukata makuti. Mtaani kwetu majina nayajua nyumba kwa nyumba hata sasa: Mwanajuma na bintiye Time, kisha Mwanatumu, ng'ambo yake Mwanaidi, halafu Mwanahamisi wawili, mkubwa na mdogo. Mwanakombo alikuwa amebaki mmoja tu. Huyo ni nyanyangu, aliyemzaa mamangu. Wenziwe wa jina hilo walikwisha kuzikwa, na yeye mwenyewe aliitwa Nyanya, au Mama, au Bi Mkubwa. Hapakuwa tena na mtu wa kumwita kwa jina lake. Mishi aliposhika mimba, nyanya alimwambia mbele yangu, "Akiwa mtoto mke, mpe jina langu, nilisikie likiitwa humu ndani kabla sijaondoka." Mishi akakubali.

Lakini kuna jambo lazima nikueleze. Mtoto akipewa jina la mtu mzima aliye hai, huyo mtu mzima huwa ni somo yake, na somo humpa mtoto kitu. Nyanyangu alikuwa na kitu kimoja: majasi ya dhahabu, yale mapambo ya duara yanayoziba tundu la ndewe ya sikio, mapana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Hakuyavua hata akioga.

Basi Mishi kazaa mtoto mke, hajapumzika vizuri, akaja mke wa mjomba wangu, Bi Zuhura, na bakuli la uji wa pilipili manga. Hodari wa maneno, yule. Akambeba mtoto, akamnusa shingoni.

"Huyu mwezi mtupu. Mutamwita nani?"

"Mwanakombo," Mishi akasema.

"Ee Mola! Mtoto wa juzi huyu mumtie jina la kutafunia tambuu? Hata jino hana!" Wanawake wakacheka, naye akapata nguvu. "Wake wa makarani siku hizi wawaita binti zao Thuraya, wawaita Nargis. Mwanakombo! Akenda chuoni wenziwe watamuuliza wajukuu hawajambo."

Mishi naye akacheka, lakini kile kicheko kilimkauka. Mlango wa chumba cha nyanya ulikuwa wazi. Niliuona mkono wake umeshika ubao wa mlango, kisha ukaachia.

Nilimtilia shaka Bi Zuhura pale pale. Mtu asipopenda jina husema mara moja akanyamaza. Huyu alirudi kesho yake, akarudi tena, na kila akija ana jina jipya mkononi kama mchuuzi wa leso. Na haondoki ila aingie kwa nyanya, amwamkie kwa shikamoo ndefu, kisha aulize, "Mama, haya majasi hayakulemei, na umri huu? Ndewe zisije zikakatika." Huruma ile sikuielewa. Miaka yote nyanya alikuwa nayo masikioni, na Bi Zuhura hakuwahi kuziona ndewe.

Sasa, Bi Zuhura alikuwa na binti, Aziza, mja mzito, karibu kuzaa. Mamangu akanituma nirudishe bakuli la uji. Nikamkuta Aziza uani achambua mchele, tumbo halimruhusu kuinama. Aziza hakuwa na hila hata chembe, ndiyo maana nikamuuliza yeye. Kama mchezo tu: akizaa mke, atamwita nani?

"Mimi nataka Salma," akasema, "lakini mamangu kanikataza. Asema lazima awe Mwanakombo, nyanya afurahi. Tena nisimwambie mtu mpaka nizae." Akajishika mdomo. "Nawe usiseme!"

Nilirudi mbio, leso imenitoka begani. Nyanya yuwasali Alasiri. Nikangoja atoe salamu, kisha nikamwaga yote. Kwamba Bi Zuhura yuwalitia ila jina kwetu apate kuliokota kwake. Kwamba yale macho yake hayatoki masikioni mwa watu. Kwamba afukuzwe.

Nyanya akakunja msala wake polepole.

"Umemaliza?"

"Bado. Tena—"

"Basi nikuulize mimi. Dadako aliponikubalia, alikuwa yuwatazama uso wangu au masikio yangu?"

Hilo sikuwahi kulishuku, na baada ya kuambiwa sikuweza kuacha kulishuku. Kila Mishi akisogea karibu na nyanya, hata kumpa maji, mimi naangalia macho yake yaenda wapi. Hata nyanya mwenyewe nilimshuku, maana asubuhi moja alitoka peke yake, asiseme aenda wapi.

Ndipo ikafika siku ile niliyoanza nayo. Chetezo chafuka udi, mtoto amenyolewa nywele, Bi Zuhura amekaa mbele na Aziza ubavuni pake. Nyanya akatoka chumbani. Masikioni hamna dhahabu. Katia karatasi za rangi zilizoviringishwa, nyekundu na manjano, kama walivyovaa wanawake wasiokuwa na kitu. Hicho ndicho kilichotunyamazisha sote.

Bi Zuhura ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mama! Majasi yako wapi?"

"Nimempa yule yatima anayelelewa na Mwanaidi," nyanya akasema, ajikalia zake. "Yuwaolewa, maskini, na hana hata kipini."

"Umempa mtu baki? Dhahabu ya nyumba hii?"

"Si wewe uliyenihurumia yanavyonilemea? Sasa nimepata nafuu. Mungu akulipe."

Mwanatumu alikohoa ndani ya leso yake, na mimi nilijua si kikohozi.

Nyanya akatutazama mmoja mmoja. "Jina langu ni lile lile. Anayelitaka aseme. Asiyelitaka naye aseme, sitakasirika."

Mlango wa kati ukagongwa. Sauti ya shemeji yangu, babake mtoto: "Jina, jamani! Mwalimu yuwangoja, na kahawa yapoa!"

Bi Zuhura akajifunga leso upya. "Sisi kwa Aziza tumekwisha kupata," akasema haraka. "Akiwa mke ni Salma."

Aziza akainua kichwa, uso ukamng'aa kwa furaha. Maskini, hakujua kilichompatia.

Wote tukamgeukia Mishi. Mtoto kamlaza mapajani. Ikiwa na yeye ataleta Thuraya wake sasa, nyanya atarudi mle chumbani na karatasi zake, na jina lake hatalisikia tena. Mishi alizitazama zile karatasi muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha macho yakasogea kidogo, yakatua usoni.

"Nyanya," akasema, "nikiita Mwanakombo humu ndani, nani ataitika?"

"Nitaitika mimi," nyanya akasema, "mpaka nichoke. Kisha ataitika yeye."

Mishi akanifanyia ishara niende mlangoni. Nikaenda, nikalisema jina kwa sauti ambayo msichana wa zama zile hakutakiwa kuwasikilizisha wanaume. Wakalipokea, mtoto akapelekwa, mwalimu akamwadhinia sikioni.

Alikwenda chuoni yule mtoto, na hakuna aliyemuuliza habari za wajukuu. Kuchekwa alichekwa, kwa mengine, kama watoto wote. Na akiitwa aje anywe uji, nyanya naye huitika "Abee!" kutoka chumbani, na wote wawili wakaja. Nyanya alipochoka, sote tulilijua jina vizuri. Yule mtoto ndiye mama mkubwa wako aliyekulea, mwanangu, uliyemzika mwaka jana, na ndiye ambaye nadhani wataka kumkumbuka.

Basi nasaha yangu ni hii, uishike. Haya majina waitayo mapya nimeyaona yakiwa mapya mara mbili. Wale akina Thuraya wa makarani leo ni vikongwe, waongozwa mkono kwenda kwa daktari. Mtu akikwambia jina limepitwa, usibishane naye juu ya jina. Muulize amelisikia wapi likichekwa, na yeye mtoto wake atamwita nani, kisha mtazame macho. Ukimaliza kumshuku yeye, ujishuku na nafsi yako: unalitaka jina hili kwa ajili ya nini? Ikiwa ni kwa ajili ya mwenyewe aliyekulea, umpe mtoto, wala usione haya mbele ya mtu. Ikiwa ni kwa kitu chake, au kwa kuwaridhisha jamaa, liache. Salma pia ni jina zuri, na mtoto wa Aziza alikuwa msichana mwema kuliko wengi.

Nenda sasa, na tembea polepole kwenye ngazi zile. Mola akushushe salama, akupe mtoto mwenye afya na sauti, amweke mbali na macho ya watu tu, na jina lolote utakalomwita asikose maishani mwake mtu wa kumwita kwa mapenzi. Amin.