Tete la Pili

Nimechoka kuulizwa kwa nini wapigaji saksafoni wawili, watu wazima na akili zao, walikuwa wakipokezana kipulizio kimoja. Matete yalikuwa hayapatikani, basi. Mwishoni mwa miaka ya sabini vitu vya nje viliadimika kwetu Majunga, Madagaska, kuanzia vipuri vya redio hadi sabuni nzuri, na saksafoni bila tete, kile kijibanzi chembamba kinachofungwa kwenye kipulizio ili kitetemeke, ni bomba tu. Saksafoni tulikuwa nazo mbili, zote tenor, zote kuukuu. Tete tulikuwa nalo moja.

Mwenzangu alinizidi miaka sita. Nilimwita zoky, kaka mkubwa, kama wasemavyo Wamalagasi, ingawa sote wawili tulikuwa watoto wa Wangazija na kwa mama zetu tuliamkiana Kingazija. Yeye ndiye aliyenifundisha nyimbo za jazz, zile za siku zote ambazo kila mpigaji anazijua kwa kichwa. Sauti yake ilikuwa nene, haina haraka. Yangu ilikuwa na haraka. Nalisema mapema nisionekane nimelificha na hilo.

Kila msimu wa wageni tulikwenda kisiwa cha Nosy Be, kupigia hoteli moja wakati wa chakula cha mchana. Safari yenyewe ilikuwa adhabu: siku kadhaa juu ya lori, kisha kungoja boti ya kuvukia pale gatini Ankify. Pale Ankify mimi ndiye niliyekwenda kubishana na wenye boti, maana zoky hakupenda kelele. Yeye alibaki kulinda mizigo.

Kupiga kwetu kulikuwa hivi. Zoky anaanza, anamaliza mzunguko wake, yaani wimbo mzima mara moja, anachomoa kipulizio chenye tete, anakipangusa kwa leso, ananipa. Mpiga piano wa hoteli anaziba pengo. Mimi nakichomeka kwenye shingo ya saksafoni yangu hadi alama ya penseli, kwani ukizidisha kidogo tu sauti inapotoka, kisha naendelea. Kipulizio changu kilikaa mfukoni, kitupu. Wageni walidhani ni mchezo tulioubuni, wakatupigia makofi. Zoky aliyachukia makofi yale.

“Tukipata tete la pili,” alikuwa akiniambia, “mzunguko wa mwisho tunapiga pamoja. Hata mara moja tu.” Alilisema kila msimu, mpaka likanichosha.

Na tete la pili lilipatikana. Baharia mmoja niliyemwomba pale bandarini Majunga aliniletea mawili. Nilimpelekea zoky moja, kwa kuwa lile la zamani tulikuwa tumelichonga kwa wembe hadi limekwisha. La pili nililitia kwenye kopo la peremende nililosafiri nalo, chini ya sindano na vifungo, nikanyamaza. Nilijiambia akiba haiozi. Uongo mtupu. Tukipiga kwa zamu, watu walinisikia na mimi; tukipiga pamoja wangemsikia yeye, nami ningejisikia nilivyo. Ulikuwa wivu, sina jina jingine la kuupa.

Miaka ikaenda. Hoteli ikanunua kinanda cha umeme, ikatushukuru. Tukabaki na harusi za Majunga, na mara mojamoja mgahawa wa ufukweni Antsanitia. Matete yaliporudi madukani, kifua cha zoky kilikuwa kimeshaharibika. Akipanda ngazi tatu anasimama. Saksafoni akaisukuma chini ya kitanda. Kila nilipokwenda kumtazama nilikwenda na lile kopo mfukoni, nikarudi nalo. Nafasi nilizipata nyingi. Nilichoka tu kabla ya kufungua mdomo.

Nililitoa asubuhi moja, mkewe akiwa sokoni. Nilikuwa na saksafoni yangu begani kwa sababu mchana nilikuwa na harusi. Nikaliweka tete juu ya shuka.

“Zoky, hili ninalo tangu enzi za hoteli. Nilikuficha.”

Akalishika, akaligeuza kwenye mwanga, akaipitishia ukucha ncha yake.

“Najua,” akasema. “Ilikuwa Ankify. Ulikwenda kutafuta boti, mvua ikanyesha, nikaufungua mkoba wako niingize vitu visilowe. Kopo likafunguka.”

“Msimu gani?”

“Wa kwanza tu ulipokuwa nalo.”

Nikamuuliza mbona hakusema. Alipumzika kwanza, maana maneno mengi yalimmaliza pumzi.

“Ningesema, ungeona haya. Ukiona haya, huji tena. Ningepiga na nani?”

Nililia, na sikugeuka upande. Akaningoja nimalize, kisha akaniagiza niivute saksafoni yake kutoka chini ya kitanda, nililoweke tete kwenye glasi yake ya maji na kulifunga kwenye kipulizio changu mwenyewe.

“Mzunguko wa mwisho,” akasema. “Wewe pumzi, mimi vidole.”

Nikapuliza wimbo wa polepole, ule alionifundisha kwanza. Yeye akailaza saksafoni yake kifuani, haipulizi, anabonyeza tu vifuniko vya matundu yake. Tete lilikuwa limekauka miaka yote ile, likatoa sauti ya kukwaruza. Lakini vifuniko vya saksafoni yake nilivisikia vikigonga, kila noti mahali pake, vikichelewa pale ambapo siku zote alipenda kuchelewa. Nikajitahidi kumfuata. Pumzi ilikuwa yangu, tete lilikuwa langu, na bado aliyekuwa akipiga ni yeye.