Kati ya Matishari Mawili

Nianze na jambo ambalo wavuvi watu wazima hawapendi kulisikia kinywani mwa mwanafunzi: samaki wakubwa wa Tanga hawakai kule nje kwenye miamba wanakokwenda kuhangaika wao. Wanakaa bandarini, chini ya matishari, mbele ya macho ya serikali. Meli zetu hazifiki gatini. Zinatia nanga katikati ya ghuba, na marobota ya katani yanapelekwa huko kwa matishari, yale mashua mapana ya chuma yasiyo na injini wala adabu. Yasipokuwa na kazi hufungwa mawili mawili kwenye boya, ubavu kwa ubavu, yakalala hapo hata wiki nzima. Chini yake pana kivuli. Kwenye kivuli wanakuja vidagaa, vidagaa wanawaleta kolekole, na nyuma ya kolekole, pale jicho lisipofika vizuri, yupo mwingine anayewangoja hao wote.

Tulikuwa wawili. Mimi mtoto wa Makorora, niliyejua kuogelea kabla ya kujua kufunga kaptula, na mwenzangu wa Maramba, mtoto wa wakulima, aliyeletwa mjini kwa mjomba wake ili asome. Alipofika alikuwa hajapata kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nilimcheka mwaka mzima. Mwaka wa pili akawa anazama kunishinda. Nikaacha kucheka, nikawaambia watu ni kwa sababu kichwa chake kizito.

Bunduki zetu tulizitengeneza wenyewe: ubao wa mvule, mpira wa tyubu ya baiskeli, na nondo nyembamba ambayo mhunzi alitunolea tulipomwambia ni ya mishikaki. Miwani ilikuwa vioo viwili vya dirisha ndani ya mti uliochongwa, vikazibwa kwa lami tuliyoichota barabara ilipokuwa ikitengenezwa. Lami hiyo ndiyo iliyomponza mwenzangu. Jumatatu moja aliingia darasani ana duara nyeusi kuzunguka macho, kama komba aliyekesha. Mimi yangu nilikuwa nimeisugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikatoka. Yeye alisahau.

Lingekuwa jambo la kucheka, ila mwaka uliotangulia kijana mmoja alizama karibu na maboya, na kilichorudi pwani ni kaptula yake peke yake. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu alipiga marufuku ghuba yote, kana kwamba ameinunua. Akamwita mwenzangu ofisini akamwambia kwa upole, na Mzungu yule akiwa mpole ndipo pa kuogopa: "Ukionekana tena huko, utarudi kwenu, na mtihani wa darasa la nane hutaufanya." Hapakuwa na neno la pili. Mama yake kule Maramba alikuwa ameshakitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe atarudi mwalimu. Mtihani wenyewe ulikuwa wiki tatu mbele.

Basi, aliyemshawishi kwenda tena ni mimi.

"Jumapili hakuna mtu," nilimwambia.

"Tusiende. Na nikikamatwa je?"

"Na nani? Na yule babu? Mpaka aunyanyue ule mguu, wewe umeshafika Pemba."

Babu huyo alikuwa mlinzi wa matishari. Alirudi na mguu mbovu kutoka vita vya Bama, alikopigana na Wajapani, naye alikuwa akizunguka maboya kwa kihori chake. Mimi nilijua kuigiza mwendo wake vizuri hata mbwa wake aliwahi kunifuata. Mwenzangu alinikataza, sikumsikia. Mzee aliniona nikimwigiza zaidi ya mara moja, akanirushia vifuu vya nazi, na shabaha yake haikuwa mbaya.

Kazi ile ina saa yake. Tuliingia majini kwenye mawe ya Raskazone maji yanapomalizia kujaa, tukalala chali, bunduki tumboni, tukaacha maji yatupeleke ndani mpaka kwenye maboya. Ukifika, maji husimama. Hayajai, hayapwi. Muda wenyewe ni mfupi, kama wa kula sahani ya wali bila kuongea. Hapo ndipo unapozama. Yakianza kupwa yanakurudisha Raskazone bila jasho. Lakini yakianza kupwa, matishari nayo hugeuka kuyafuata, kila moja kwa mwendo wake, na wakati huo mwenye akili hakai karibu nayo.

Chini ya tishari hulengi kama unavyolenga kwenye mwamba. Unalala chali chini ya tumbo lake, mgongo ukitazama kilindi, uso ukitazama chuma kilichojaa chaza wakali kama chupa iliyovunjika. Pembeni unaona ukingo wa mwanga, na samaki akikatiza pale anakuwa mweusi, huwezi kumkosa. Usipige kwenda juu, maana nondo ikigonga chuma, mlio wake unasikika mjini. Piga ubavuni. Na usiache kutazama chini, japo hakuna cha kuona huko.

Siku ile tishari la kushoto lilikuwa tupu, limeelea juu juu. La kulia lilikuwa limejaa marobota, limedidimia mpaka karibu na ukingo, likingoja meli ya kesho yake. Hatukuwahi kuwinda chini ya mawili ya namna hiyo. Nilipozama mara ya kwanza sikumwona kolekole hata mmoja. Vidagaa wote walikuwa wamebanana upande mmoja, wamejielekeza mahali pamoja kama watu kwenye swala, na hawakutawanyika nilipopita katikati yao. Katika kivuli cha lile zito alikuwepo mzia mmoja, samaki yule wa meno kama misumari, mrefu kama mimi, hatikisiki, kinywa wazi kidogo. Mnyororo wa boya ulikuwa ukiguna. Si kelele. Ni mguno wa mtu anayegeuka kitandani.

Nilipanda juu nikamwambia mwenzangu, "Leo sipapendi."

"Leo umekuwa mwoga?" akasema. "Hebu subiri niandike tarehe."

Akazama. Akapiga changu wa kawaida tu, wa kutosha mchuzi wa mtu mmoja. Alipokuwa akimchomoa, tukasikia makasia.

Tulikuwa na pa kujificha, nasi tulipaonea fahari. Kati ya tishari na tishari huning'inizwa dafra, ile mito minene ya kamba kuukuu inayozuia chuma kisigongane na chuma. Kwa hiyo ubavu kwa ubavu panabaki uchochoro wa maji, upana wa mabega ya mtu, na hewa juu yake. Unaingia kwa chini, unatoa kichwa, unapitisha mkono kwenye kitanzi cha kamba ya dafra na kujining'iniza, upumzike bila kupiga maji. Mwenzangu alipitisha mkono wa kulia. Mimi nilishika mwisho wa uchochoro, karibu na mwanga.

Mzee alifunga kihori, akapanda kwenye lile lenye shehena, akakaa juu ya marobota. Akaanza kula. Tulijua ni muhogo kwa sababu maganda yalikuwa yakituangukia. Moja likatua juu ya kichwa cha mwenzangu likakaa pale kama kofia. Nilicheka mpaka nikameza maji.

"Nyamaza, yakhe!" alininong'oneza. "Wewe huna cha kupoteza."

Maji yakaanza kupwa. Nilihisi miguuni kabla ya kuona: ubaridi mdogo unaovuta kuelekea nje. Lile tupu likageuka kwanza, jepesi, na upepo ukalisukuma kuelekea lile zito. Zito lilikuwa bado limelala. Uchochoro uliokuwa wa mabega mawili ukawa wa bega moja.

"Tutoke," nikasema.

"Akiondoka."

"Hatoki huyu. Ana muhogo wa kulisha kikosi."

"Nimesema akiondoka."

Kisha uso wake ukabadilika. Hakupiga kelele. Alitazama mkono wake kama mtu anayeutazama wa jirani. Dafra ilikuwa imebanwa, na kitanzi kimebanwa nayo, na mkono umo ndani, kati ya kamba na chuma. Alivuta. Haukutoka. Nikamwendea nikavuta naye, tukapata damu tu. Tishari tupu likapanda na wimbi, dafra ikaviringika, ikauvuta uso wake chini ya maji. Nikahesabu. Likashuka, akaibuka, akatema.

"Namwita mzee," nikasema.

"Usimwite."

"Utakufa, wewe!"

"Ukimwita, mimi na wewe basi. Nakuapia. Mama yangu… Usimwite."

Nami sikumwita. Hapa ndipo ninapopaandika kwa shida, na watakaosema nilitafuta njia nyingine watakuwa wananisitiri. Sikutafuta. Nilibaki nimemshika kidevu ili pua yake iwe juu, nikimtazama akienda chini na kurudi, chini na kurudi, na kila mara akikawia zaidi. Juu yetu mzee alikuwa akitafuna. Nilisikia mpaka sauti ya kutafuna. Mara ya tano aliporudi hakutema maji. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa yakinitazama mimi.

Hapo nikapiga kelele. "Babu! Babu wee! Kuna mtu huku chini!"

Nilidhani atasema ni mchezo. Mimi ningesema hivyo. Lakini kabla sijamaliza, kichwa chake kilikuwa kimeshachungulia. Alitazama mara moja tu: dafra, mkono, mimi. Akatoweka. Nilisikia ule mguu mbovu ukipiga chuma mbio, akavuka kwenda kwenye lile tupu, akalegeza kamba ya tezi, ile ya nyuma. Kisha akarudi na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, akalichomeka kati ya matishari, akalilalia kwa kifua.

"Usimvute bado," aliniambia. "Ukimvuta sasa utabaki na mkono. Ngoja wimbi. Ngoja… Ngoja, nimekwambia!… Haya!"

Uchochoro ukafunguka kwa upana wa kiganja, kwa muda wa pumzi moja. Mkono ukatoka, na mwenzangu akashuka chini kama jiwe. Nilizama nikamfuata katika kile kivuli. Mzia alikuwepo bado, palepale, sasa amesogea hatua moja. Nilimshika mwenzangu kwapani nikapiga miguu kuelekea mwangani bila kutazama nyuma.

Mzee alimpakia kwenye kihori, akamlaza kifudifudi, akamkamua mgongo mpaka akatapika bahari nusu. Nilikumbuka kuwa nina adabu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," akasema, akihema. "Leo hunionyeshi ninavyotembea?"

Akatushusha Raskazone, mbali na macho ya watu. Mwenzangu alimshika shati kwa mkono mzima. "Babu, nakuomba. Shuleni."

"Shule gani?" mzee akajibu. "Mimi nilikwenda kula muhogo wangu. Sikuona mtu."

Na kweli hakusema, mpaka leo. Tungekuwa tumepona, kama si ule mkono. Mwenzangu alimwambia mjomba wake kwamba ameanguka kwenye mnazi, akaufunga mkono kwa kanga, na mimi darasani nilikuwa nikimwandikia kazi zake kwa mwandiko wa kuigiza, maana kuigiza ndiyo kazi yangu. Siku ya nne vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mzuzu, na vina rangi yake pia. Hospitali walisema watauokoa mkono, na waliuokoa. Lakini vidole vitatu havikukunjika tena, na kalamu ilikuwa ikianguka kila alipoishika. Alijaribu kwa kushoto, usiku na mchana, mpaka siku ya mtihani. Alitoa karatasi yenye jina lake na mistari sita.

Hakufukuzwa na mtu. Mwalimu mkuu hata alimpa mkono wa pole, ule wa kushoto.

Nilimsindikiza kwenye lori la Maramba. Alikaa juu ya magunia, sanduku lake kati ya magoti, na mimi nikasimama chini nikitafuta la kumchekesha. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

"Mzee aliniambia," akasema, "kwamba ungeita mapema kidogo tu, mkono ungetoka na michubuko."

"Ulinikataza," nikamwambia. "Uliniapia."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

"Nilikukataza kwenda Jumapili ile," akasema. "Nilikukataza kumwigiza yule mzee. Nilikukataza kucheka. Tangu lini wewe ukanisikiliza?"

Lori likaondoka.