Mwalimu wa Komunyo Asiyekomunika

Miaka ya themanini ilipokuwa inaanza, nilihamishiwa kufundisha shule ya msingi ya kijiji kimoja upande wa Ushirombo, nikakaa kwa shangazi yangu. Hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonisumbua akili kuliko yote. Shangazi alikuwa akiwafundisha watoto wa kigango kupokea Komunyo, na yeye mwenyewe haruhusiwi kuipokea. Alikuwa ameolewa mke wa pili. Mwenyekiti wa kigango ndiye aliyesimama Jumapili moja akamtaja mbele ya watu wote kwamba ametengwa na sakramenti. Kisha katekista, mwalimu wa dini wa kigango, akaugua, na hakukuwa na mwingine aliyeijua katekisimu kwa kichwa. Wakamwachia watoto.

Mimi ni mtu wa kuuliza, tena siulizi kwa upole. Jumamosi moja nilikaa mlangoni mwa kanisa nikamtazama. Alikuwa amechagua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyo myembamba kabisa, akiwawekea watoto ulimini mmoja baada ya mwingine badala ya hostia, wajizoeze.

"Usitafune kama mbuzi," alimwambia mmoja. "Acha ilainike yenyewe."

Watoto walipotawanyika nikamuuliza, "Shangazi, hivi wewe unapata nini hapa?"

"Ng'wanone, mwanangu, nikiacha, nani atawafundisha? Mwenyekiti?" Akacheka mpaka akajifuta machozi.

Alikuwa na haki ya kucheka. Mwenyekiti, aliyekomunika kila padri alipokuja, alikuwa na mke mwingine kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu, alikokwenda kila mara akiaga kwamba anapeleka mchele. Kijiji kizima kilijua, kikanyamaza. Padri tu, aliyekuja kwetu mara chache, ndiye hakujua.

Mwaka huo yule mwanamke wa machimboni alirudi kijijini kwa mama yake, akiwa na binti wa miaka kama kumi. Alimleta kwa shangazi ajifunze abatizwe. Shangazi alipouliza baba wa mtoto ni nani, mwanamke akamtaja mwenyekiti huku ameangalia chini. Mimi nilikuwa pale pale. Nilitamani kuitangaza habari hiyo sokoni. Shangazi alimpokea mtoto, akamwambia aje Jumamosi.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa. Mama mmoja aliyeahidi kumsimamia yule binti ubatizoni hakutokea. Padri alitazama huku na huku, akasema, "Mwenyekiti, msimamie huyu."

Mwenyekiti akaja mbele, akamwekea binti mkono begani. Nilijua shangazi amebanwa. Akimtaja mwenyekiti, atanyang'anywa watoto kabla jua halijazama. Akinyamaza, mtoto aliyemfundisha kusema kweli atabatizwa kwa uongo.

"Padri," shangazi alisema, "naomba watoto wajibu swali moja la mwisho."

Padri akakubali kwa furaha.

"Nani hawezi kumsimamia mtoto ubatizoni?"

"Baba yake mzazi na mama yake mzazi," watoto wakaitikia kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuimba waliyozoea. Binti naye aliitikia. Kisha akainua uso, akamtazama aliyemshika bega.

Padri aliwasifu. Alikuwa ameshageukia maji, mwenyekiti alipoondoa mkono.

"Padri, basi mimi siwezi kumsimamia."

"Kwa nini?"

"Huyu ni mwanangu."

Padri aliwageukia watu, akauliza nani mwingine atamsimamia. Nilijikuta nimeshafika mbele. Binti alibatizwa, maji yakamwingia masikioni, akacheka.

Watu walipopanga mstari wa Komunyo, mwenyekiti hakwenda. Alikwenda nyuma tunakokaa wanawake, mahali wanapobaki wasiokomunika, akasimama hajui akae wapi. Nilimwona nikiwa mstarini, na nilifurahi, sitaficha. Nilitaka asimame hivyo hivyo mpaka Misa iishe, watu wamtazame washibe.

Shangazi alikusanya kanga yake, akasogea, akampa nafasi ya kukaa.