Mheshimiwa na Kipande cha Reli

Nianze kwa kukiri, kabla hamjasikia kwa wengine: ni mimi niliyegonga kengele siku ile. Mwaka jana, Mheshimiwa alipokuja shuleni kwetu mara ya kwanza kutuhutubia juu ya demokrasia, jua la Voi likikaanga mabati na harufu ya pure ya mahindi na maharagwe ikitutesa kutoka jikoni, niliomba ruhusa ya kwenda msalani. Nikazunguka nyuma ya ukumbi na kukitandika kile kipande cha reli tunachokiita kengele kama mtu anayetangaza moto. Shule nzima ilimwagika na sahani zake. Mzee akabaki jukwaani na walimu wetu, na sentensi ambayo mpaka leo haijamalizika. Sasa amefariki. Hedmasta alitangaza kwenye paredi ya Jumatatu, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na shule hii nilikosa mzaha wa kumnong'oneza jirani yangu.

Nyinyi wasomaji wangu wa ubao wa matangazo mnamjua kwa koti lake la kahawia tu, lakini wazazi wetu walimjua akiwa waziri, gari lake likipita na bendera na watoto wakitimua mbio kulifuata. Alipoachishwa kazi alirudi kwao Werugha, akafuga ng'ombe wawili, na kila Alhamisi akawa anateremka na gari la mboga kufundisha mashuleni jinsi nchi inavyotawaliwa. Hakuna aliyemlipa. Siku hiyo ya kengele hedmasta alinileta mbele yake akinishika sikio, akitaka nifukuzwe. Mheshimiwa akaniuliza, “Umegonga kwa nini, kijana?” Nikasema, “Njaa, Mheshimiwa.” “Kwani nilikuwa nimeongea muda gani?” “Tangu paredi, Mheshimiwa.” Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamgeukia hedmasta: “Mwalimu, huyu usimfukuze. Miaka yote niliyokuwa mkubwa nilimkosa mtu kama huyu. Kila nikija, nipe dakika arobaini, na yeye ndiye atakayegonga.”

Ndivyo nilivyopata cheo. Kila Alhamisi nilikaa dirishani na nyundo, nikijiona mkuu wa mkoa, na dakika arobaini zikiisha nilimkata hata kama alikuwa katikati ya neno. Hakuwahi kuomba dakika moja zaidi. Siku moja alitusimulia jinsi alivyofutwa. Yeye na dereva wake walikuwa njiani kuelekea Nairobi, redio ikasoma taarifa ya habari ya saa saba, na jina lake likasomwa pamoja na la mwingine aliyechukua nafasi yake. Dereva alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akaivua bendera, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye kiti cha mbele. “Hapo ndipo nilipojua,” alituambia, “kwamba ile bendera ilikuwa ya gari.”

Siku nyingine alitueleza la aibu zaidi. Akiwa waziri alihutubia mkutano Bomeni kwa saa nyingi, mzee mmoja akainua mkono na kuuliza atamaliza lini, maana ng'ombe walikuwa hawajanyweshwa. Akaamuru askari wamtoe. “Wahenga walisema mkubwa ni jaa,” alisema, “ila mimi jaa langu nililizungushia askari.” Alipokuwa raia wa kawaida alikwenda Bomeni kumwomba radhi. Yule mzee alimsikiliza, kisha akampa ndoo, wakaenda kunywesha ng'ombe pamoja. Hata mimi nilisahau saa yangu, na ni yeye aliyenionyesha kwa kidole kwamba muda umekwisha.

Alhamisi yake ya mwisho aliniita kando. “Nikifa watakuja kuniongelea. Uje na chuma chako. Usiniache peke yangu nao.” Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi Jumamosi tulipanda Werugha, mama na mimi, na kile kipande cha reli kwenye gunia. Ukungu ulikuwa mzito hata migomba ilionekana kama watu waliofika mapema. Mjane wake alinisimamisha karibu na kaburi, akawatangazia waombolezaji: “Kila msemaji dakika kumi. Mume wangu alisema huyu ndiye mwenye saa.” Nilimgongea mzee wa kanisa, akakaa. Nilimgongea shemeji, akakaa akinung'unika. Kisha akasimama D.O., afisa wa tarafa. Sasa, mama yangu hufagia ofisi ya D.O. huyo huyo, na karo yangu hutoka kwenye ufagio ule. Dakika kumi zilipita, na yeye alikuwa amekwisha kumsahau marehemu, yuko kwenye matuta ya mashambani, kodi na utiifu. Watu wote wakanitazama. Nami nikamtazama mama, aliyeketi kati ya wanawake wenzake. Aliinamisha macho, akaishika leso yake kwa mikono miwili.

Niligonga.

D.O. akamtazama askari wake, askari akatazama buti zake. Kisha D.O. akakunja karatasi yake, akasema “Asante,” akakaa, na wanawake wakaanza wimbo.

Mimi ni mtu wa mizaha, mnanijua, na nilidhani demokrasia ni neno refu la kukariri kwa mtihani. Lakini nimemwona mtu aliyewahi kunyamazisha umati akimkabidhi mwanafunzi mtundu nyundo ya kumnyamazishia, kisha akakaa akimsubiri agonge. Sijaona ukubwa unaouzidi huo. Kupanda jukwaani kila mtu anaweza. Kushuka ndiko kunakofundishwa, na mwalimu wake tumemzika.

Mama alipofika nyumbani Voi alivua viatu, akaketi kwenye kigoda, akasema: “Umegonga vizuri. Jumatatu tutaamka pamoja, unisindikize mpaka ofisini, tuone kama bado nina kazi.”