Winfrida wa Isongole, Aliyemtunza Mkwewe Bila Kumtazama

Katika migomba ya Muleba, mahali ambapo Ziwa Viktoria huonekana kwa chini kila asubuhi, ndiko alikozaliwa Winfrida Kokugonza, mwezi Oktoba mwaka 1967. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki wa siku nyingi, watu wa adabu, na binti yao alilelewa kama wasichana wote wa Kihaya walivyolelewa: ukimkuta mtu mzima unapiga magoti kwanza, maneno baadaye. Wale waliomfahamu utotoni hawasimulii maajabu yoyote, na mimi sitawatungia. Wanasema alikuwa mcheshi, mbishi kidogo, na kwamba alipenda kubaki kanisani baada ya Misa bila kuambiwa na mtu. Ni hayo tu, na kwa mwanzo yanatosha.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Ackson Mwalyego, fundi seremala aliyekuwa amekwenda Bukoba kujenga mapaa ya shule. Ackson alikuwa Mnyakyusa wa Isongole, juu ya Tukuyu, na mkataba wake ulipokwisha alitaka kurudi kwao. Ndugu wa Winfrida walikasirika. Huko ni mwisho wa nchi, walisema, ukiugua nani atakujua? Binti mwenyewe alilia wiki nzima, maana alimpenda mama yake kupita kiasi, kisha akafunga mzigo wake. Alisema alipokula kiapo altareni hakuwekea mpaka wa mkoa, na Mungu aliyesikia kiapo kile atamkuta popote. Basi wakaondoka.

Hapa msomaji anivumilie nieleze jambo la kwetu. Katika Unyakyusa wa zamani, mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, hataji jina lake, na akimwona njiani anajibanza mashambani mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi wengi wameiacha, lakini Mzee Mwalyego alikuwa ameishika kwa mikono miwili, na Ackson, bwana harusi mwenye furaha zake, alisahau kabisa kumwambia mkewe. Winfrida alishuka garini, akamwona mzee amesimama mlangoni, na kwa adabu zote alizofundishwa kwao akaenda moja kwa moja, akapiga magoti miguuni pake na kumwamkia huku akimtazama. Masikini! Mzee alipiga ukelele, akajifunika uso kwa koti na kukimbilia kwenye mahindi. Wanawake waliokuja kumpokea bibi harusi walishika vinywa. Mama mkwe, Tusekile, alicheka hadi akakaa chini, kisha akamchukua mkwewe jikoni na kumfundisha desturi ya mji ule kwa upole. Lakini mzee hakucheka.

Miaka ikapita, na Winfrida na Ackson hawakujaliwa mtoto. Watu wakaunganisha mambo wenyewe, kama tunavyopenda kufanya. Walisema mwiko wa siku ile ya kwanza ndio uliofunga tumbo la yule mgeni, na mzee mwenyewe aliamini hivyo. Winfrida aliyasikia kisimani na sokoni. Yalimuuma sana, na hakuficha kwamba yalimuuma. Mara nyingi alionekana akilia njiani kwenda Misa. Hata hivyo kila siku aliweka chakula cha mzee kizingitini, akapiga makofi mawili na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Kwa muda wote huo mzee hakuwahi kuutazama uso wake tena.

Tusekile alifariki mwaka 2001. Mwaka uliofuata Ackson naye akaugua kifua, akadhoofika, na kabla ya Pasaka alikuwa amelala kaburini pembeni ya mama yake. Maneno yake ya mwisho kwa mkewe yalikuwa, "Na mzee utamwachia nani?" Hakungoja jibu, na wala hakuwa na nguvu za kulingoja. Mdogo wake Ackson alikuwa Tunduma na biashara zake. Mzee alikuwa ameshapigwa na kiharusi, miguu haimbebi. Wanawake wote wa jirani walikuwa wake za ukoo, wakwe vilevile, nao wasingeweza kuingia chumbani mwake.

Baada ya arobaini alifika Deus, kaka yake Winfrida, kumchukua. Hakuna aliyemlaumu. Dada yake alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, hana mtoto, hana shamba lake, yuko kwenye baridi ya viazi na ukungu, na mji mzima unamnong'ona. Amekaa kwa nini? Winfrida aliomba apewe usiku mmoja wa kusali. Asubuhi alimwambia kaka yake maneno ambayo Isongole nzima inayakumbuka: "Kaka, Mungu alinileta huku nikiwa na mume. Hajaniambia kwamba mume akiondoka na Yeye anaondoka." Deus alibishana naye mpaka chai ikapoa, kisha akapanda gari peke yake akiwa na hasira. Winfrida alisimama barabarani akilitazama gari lile. Alikiri baadaye kwamba kama lingerudi nyuma hatua chache tu, angepanda.

Sasa, utamtunzaje mtu usiyeruhusiwa kumtazama? Paroko alimwambia kwamba kwa Mkristo mwiko ule si kitu, aingie tu. Akajibu, "Baba, mimi najua si kitu. Yeye hajui. Nimwondolee uchafu nimvike aibu?" Basi akajifunika kanga kichwani mpaka kifuani, asione mbele, na akaingia chumbani kwa kupapasa ukuta. Mzee alipomsikia alianza kupiga kelele. "Toka! Umeua uzao wangu, sasa unataka kuniua na mimi?" Winfrida hakujibu, maana desturi haikumruhusu kusema naye. Alimwosha, akambadilishia shuka, akamwekea uji mkononi na kutoka. Siku ya pili mzee alimtupia bakuli. Siku ya tatu Winfrida alileta bakuli la plastiki.

Aliendelea hivyo kwa miaka minne. Aliungua mikono kwa maji ya moto kwa sababu hakuona anakomimina. Jirani yake Sekela, mwanamke mwenye mdomo lakini mwenye moyo, alikuwa akimtania: "Wewe, hebu niambie, Mhaya anayejishusha umeona wapi? Huu nao ni muujiza, tuwaandikie maaskofu!" Winfrida alicheka naye. Lakini siku nyingine alimwambia ukweli, kwamba anachoka, kwamba anaota sauti ya mama yake, na kwamba akisali hasikii chochote. "Na bado unasali?" Sekela akauliza. "Nitamwambia nani mwingine? Huku nilikuja na Yeye." Ndugu wapendwa, wanaodhani watakatifu hawachoki wamsikilize huyu.

Polepole kelele za mzee zilipungua. Kwanza aliacha kutukana, kisha akawa anasema ndaga, yaani asante, akiuelekea ukuta. Ikafika mchana mmoja wa Kwaresima mwaka 2006, mvua imekatika kidogo, Winfrida akiwa amepiga magoti anamkata kucha kwa kupapasa, na kidole cha mzee kikakatwa. Damu ikatoka. Winfrida akaanza kupapasa akitafuta kitambaa. Mzee akamshika mkono.

"Mke wa Ackson, ondoa nguo hiyo."

Winfrida akatikisa kichwa.

"Mwiko ni wangu. Nimeufungua mimi mwenyewe. Nataka nikuone kabla sijafa."

Akaivuta kanga. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, mwanamke mtu mzima sasa, macho mekundu, mvi za kwanza zimeanza kutokeza. Akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo." Kisha akalia kama mtoto na kusema, "Siku ile ulinipigia magoti, nikakukimbia. Nikasema umetuletea laana. Mwanangu, nisamehe." Alimwita mwanangu, naye kwa mara ya kwanza akamjibu, "Ndiyo, baba." Mzee Mwalyego alibatizwa Pasaka ile, akafariki Agosti, mikononi mwa mkwewe.

Angeweza kurudi Muleba hapo. Wengi walitegemea aondoke. Yeye alihamia Msasani, Tukuyu mjini, akauza viazi, na mlango wake ukajulikana kwa kila mgeni: mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka Mara, muuguzi wa Lindi, msichana aliyeolewa kutoka Kigoma asiyejua Kinyakyusa hata neno moja. Siham, mke wa Sadick muuza vitambaa, alikuja kutoka Tanga akiwa na ujauzito wa kwanza. Alijifungulia nyumbani kwa ghafla na damu haikukoma. Winfrida alimshika kichwa akasali kwa sauti, na kabla gari halijafika, damu ilikata. Siham anasimulia mwenyewe: "Mimi ni Mwislamu na nitabaki Mwislamu. Lakini nilichokiona nitakisema." Kanisa halijatamka lolote kuhusu jambo hili, nasi hatulitangulii, tunalisimulia kama tulivyolisikia.

Winfrida alifariki kwa homa ya mapafu mwezi Juni 2019, katikati ya baridi. Deus alisafiri tena kutoka Muleba, safari hii akiwa ametumwa na mama yao, kikongwe, aurudishe mwili. Wazee wa ukoo wa Mwalyego walikuwa wameshachimba kaburi Isongole, kati ya Ackson na baba yake, na walijiandaa kwa ugomvi. Deus aliingia msibani akakuta wanawake wa pembe zote za nchi, kila mmoja akilia kwa lugha ya kwao, na Sekela ametandika mkeka akimlilia Winfrida kwa jina la kwao, Kokugonza. Akakaa chini. Alipoweza kusema, akasema, "Mama amenituma nimrudishe mtoto nyumbani. Nitamwambia nimemkuta nyumbani." Wakamzika siku ile ile.

Basi wewe uliyehamishwa kikazi, uliyeolewa mbali, uliyeshuka stendi ya Tukuyu na begi moja na huna wa kumpigia simu, usione haya kulia. Hata yeye alilia. Lakini usingoje upendwe ndipo uanze kupenda. Mtafute mmoja. Wale aliowapokea wanatuambia kwamba kila mgeni alifundishwa sala moja fupi kabla hajapewa hata kikombe cha chai, nao wanaisali hadi leo: "Bwana, hapa simjui mtu. Wewe unawajua wote. Nionyeshe wa kuanza naye."